Shuka na Simu Yako

Ndani ya boksi la simu mpya huwa kuna kijikaratasi chenye maandishi madogo ambacho wengi wetu hukitupa pamoja na boksi. Humo mtengenezaji ameandika jambo ambalo mtu wa pwani anapaswa kulisoma mara mbili: simu itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35 za Selsiasi. Apple wameandika hivyo, Samsung pia. Kwa simu iliyozimwa, Apple wanataka isihifadhiwe mahali panapozidi nyuzi 45. Samsung wamefika 50. Sasa chukua mchana wa mwezi wa pili Dar es Salaam au Mombasa, siku ya kawaida kabisa. Hewa ya kivulini ina nyuzi 32 hivi. Umebakiwa na nyuzi tatu, nawe bado hujaingia kwenye gari.

Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani humaliza nyuzi hizo tatu kwa dakika chache, kisha huendelea kupanda. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni mfupi: unaposhuka, shuka na simu, laptopu, kishikwambi na pawabenki yako. Najua kuna siku haiwezekani. Kuna balozi zisizoruhusu laptopu kupita getini, kuna vyumba vya mitihani, kuna gereza unakokwenda kumwona ndugu, kuna ufukwe ambako ukiingia majini huna pa kuiacha simu. Siku hizo zina njia yake, nayo tutaifikia. Tuanze na joto lenyewe, kwa sababu wengi hulipima kwa ngozi zao wakiwa nje ya gari, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Joto la ndani si joto la nje

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha katika jarida la Pediatrics matokeo ya kupima gari lililoegeshwa juani. Walichagua siku zenye jua ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36. Ndani ya saa moja, hewa ya ndani ya gari ilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 juu ya ile ya nje, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo, jambo tunalolifanya sote kwa imani kubwa, kulisaidia kidogo mno.

Jarida hilo ni la afya ya watoto, na utafiti haukufanywa kwa ajili ya simu. Ulifanywa kwa sababu watoto hufa ndani ya magari. Basi kabla ya habari za betri, lishike hili: mtoto haachwi garini hata kwa muda wa kununua vocha, awe amelala au yuko macho, kioo kiwe wazi au kimefungwa. Simu hununuliwa nyingine.

Wasomaji wa Nairobi, Arusha, Mbeya na Bukavu watazame tena ile namba ya chini, nyuzi 22. Huo ni mchana wenu wa kawaida, mchana wa sweta nyepesi. Ongeza nyuzi 22 za gari, unapata zaidi ya 40, na simu iliyo juu ya kiti inayotumika kupokea meseji imekwisha kupita kikomo chake. Mtu wa nyanda za juu huponzwa na upepo wa baridi anaousikia usoni. Jua linalopita kwenye kioo cha gari haliujui upepo huo.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona nao walitoa vipimo vya magari yaliyoegeshwa mjini Tempe katika siku za kiangazi kikali. Hivi vinawafaa zaidi ndugu zetu wa Maskati na Dubai, maana hali ya hewa inakaribiana. Baada ya saa moja juani hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, viti 51, usukani 53, na dashibodi 69. Katika magari yaliyokuwa kivulini hewa ilikuwa nyuzi 38 na viti 41, lakini dashibodi bado ilifika 48. Yaani hata kivulini, katika joto la namna ile, juu ya dashibodi si mahali pa kuweka simu, iwe imewashwa au imezimwa.

Tofauti kati ya dashibodi na hewa ina sababu yake. Mwanga wa jua hupenya kioo bila shida. Ukiangukia plastiki nyeusi ya dashibodi hugeuka joto, na plastiki ile huanza kulirudisha joto kwa mionzi ya aina nyingine, isiyoonekana, ambayo kioo hakiipitishi kwa urahisi. Hewa iliyopashwa moto nayo haina pa kutokea. Simu iliyowekwa pale juu huwa na moto wa aina mbili: imekalia plastiki yenye moto, na uso wake wa kioo cheusi unapigwa na jua moja kwa moja. Kipimajoto cha hewa hakitakuonyesha hali halisi ya simu hiyo.

Betri haikuambii

Karibu kila kifaa unachokibeba kina betri ya lithiamu-ioni, aina iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991 na ambayo iliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ndani yake kuna pande mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, na kati yake majimaji ya kemikali yanayoshika moto kwa urahisi. Joto linapopanda, majimaji hayo huanza kuathiriana na pande zile haraka kuliko kawaida. Kila athari ndogo hula sehemu ya lithiamu ambayo ingebeba chaji. Kilicholiwa hakirudi, hata simu ikipoa.

Takwimu zinazorejelewa sana katika fani ya betri zinasema hivi. Betri iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na uwezo wa asilimia 96 hivi. Ihifadhi kwenye nyuzi 40 ikiwa na chaji ileile, itabaki na 85. Ihifadhi kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa, itabaki na 65. Na ukiiweka imejaa kwenye nyuzi 60, itafika asilimia 60 kwa miezi mitatu tu. Simu yako haikai garini mwaka mzima, hilo ni kweli. Lakini angalia kilichotokea kati ya 85 na 65: joto lilikuwa lilelile, tofauti ilikuwa chaji. Betri iliyojaa ikikutana na joto huumia zaidi. Na sisi tunafanya nini? Tunachaji simu njiani hadi ijae, tunafika, tunaiacha humohumo.

Hasara hii ndiyo inayonisumbua zaidi ya zote, kwa sababu haina sauti. Siku ya kwanza simu itawaka vizuri tu. Baada ya miezi utaona inafika jioni kwa taabu, kisha inazima ikiwa na asilimia 20, na utasema simu za siku hizi hazidumu. Fundi atakuwekea betri mpya, nayo utaipeleka kwenye joto lilelile.

Moto je? Hapa niseme bila kutia chumvi. Utando ule wa plastiki huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na gari halifiki huko. Betri nzima, ya kiwanda kinachoeleweka, ambayo haijaumizwa, ni nadra kulipuka kwa joto la gari peke yake. Hatari iko kwenye betri yenye kasoro tayari: iliyovimba, iliyoangushwa, iliyobadilishwa kwa betri ya bei ya chini isiyojulikana ilikotoka, au iliyoachwa kwenye chaji. Kwa betri kama hiyo joto la gari huwa ndilo lililobaki ili ishike moto. Pawabenki ndizo ninazoziogopa kuliko vyote, kwa kuwa nyingi mitaani zimeandikwa uwezo ambao hazina na hakuna ajuaye betri za ndani zimetoka wapi. Mashirika ya ndege hayakubali pawabenki iingie kwenye mizigo ya chini. Abiria lazima akae nayo, ili ikianza kutoa moshi ionekane mapema. Pawabenki iliyoachwa garini haina wa kuiona.

Mambo mengine yanayoharibika

Gundi inayoshika kioo cha simu hulegea kwa joto. Simu iliyouzwa kama isiyoingiza maji inaweza kupoteza kinga hiyo bila dalili yoyote, hadi siku itakapodondokea kwenye ndoo. Skrini za aina ya LCD, kama zilizo kwenye redio nyingi za magari na vifaa vya bei nafuu, huweza kugeuka nyeusi zikipata moto mkali, kisha zikarudi zikipoa. Ukiliona hilo usiite fundi kwanza, iache ipoe. Kadi za kumbukumbu na diski za SSD hushikilia data kwa chaji ndogo sana za umeme, na chaji hizo huvuja upesi zaidi kwenye joto, kwa hiyo picha za harusi ya mteja hazilazwi kwenye buti.

Wafanyabiashara wanaozunguka na mashine ya EFD ya kutolea risiti wana tatizo la ziada. Karatasi yake haitumii wino. Hugeuka nyeusi kwa joto. Roli iliyoachwa kwenye dashibodi hubadilika rangi yenyewe, na risiti ulizokwisha kutoa, ambazo unazihitaji kwa hesabu za kodi, husomeka kwa shida au hazisomeki kabisa. Weka risiti kwenye bahasha ndani ya begi unaloshuka nalo.

Mwenye kisukari asiache garini mashine ya kupimia sukari. Mashine hizo hufanya kazi ndani ya viwango vyake vya joto, na vijiti vya kupimia huharibika vikikaa kwenye joto kali. Kipimo kisicho sahihi kinaweza kumfanya mtu achome dozi isiyo yake. Insulini yenyewe nayo huharibika. Mkoba huo ubebwe popote mtu aendapo, na mlinzi wa getini aelezwe ni dawa.

Na kama unataka kununua kamera ya kurekodi safari, ile inayobandikwa kwenye kioo cha mbele, uliza kama inatumia betri au kapasita. Yenye kapasita huvumilia joto vizuri zaidi, na kwa kuwa kamera hiyo itakaa juani kila siku ya maisha yake, mimi singenunua yenye betri kwa gari la Tanga au Lamu.

Kwa dereva wa teksi mtandao

Wewe huna namna ya kushuka na simu, kwa sababu simu ndiyo ofisi. Inakaa mbele ya kioo, mwanga wa skrini umepandishwa hadi mwisho ili uone ramani, GPS inafanya kazi, data imewashwa, chaja imechomekwa, na jua liko juu yake. Kila kimojawapo huleta joto. Simu itajilinda kwa hatua: itapunguza mwanga yenyewe, itakuwa nzito, itakataa kuchaji, na mwishoni iPhone huonyesha ujumbe kwamba inahitaji kupoa kwanza. Wakati huo abiria anakutafuta kwenye ramani.

Hamisha stendi ya simu kutoka kwenye kioo uifunge kwenye tundu la kiyoyozi. Badiliko hili moja hufanya kazi kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu simu inatoka kwenye jua na kuingia kwenye upepo. Kama huwashi kiyoyozi kwa ajili ya mafuta, bado tundu likipitisha hewa ya kawaida ni bora kuliko kioo. Vua kava nene wakati wa kazi. Zima kuchaji kwa kasi ukiweza, na usisubiri asilimia 100. Simu nyingi mpya zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80, nao umewekwa kwa sababu hizihizi. Ukisubiri wateja kwenye maegesho na injini imezimwa, itoe simu kwenye stendi ukae nayo kivulini.

Bodaboda mna nafuu ya upepo mkiwa mwendoni, lakini pikipiki ikisimama juani simu iliyo kwenye usukani hupata moto haraka. Kuna na jambo jingine la kando: mwaka 2021 Apple walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Kama kamera ina umuhimu kwako, weka simu mfukoni na usikilize maelekezo kwa sauti.

Ukilazimika kuacha

Anza kabla ya safari. Ukijua unakokwenda hawaruhusu vifaa, acha laptopu nyumbani, au piga simu uulize kama wana makabati ya kufungia mizigo. Hilo huchukua dakika moja na humaliza shida nzima.

Kama vifaa viko nawe tayari, vizime kabisa. Kufunika laptopu si kuizima. Zipo zinazoamka zenyewe ndani ya begi kutafuta masasisho na kujipasha moto bila mtu kujua. Chomoa kila kitu kwenye chaja ya gari. Chaji iwe nusu au pungufu. Ukiwa njiani kuelekea huko, usichaji.

Kisha chagua mahali. Buti huwa afadhali kuliko sehemu ya abiria kwa sababu jua haliingii kwa vioo, na kwa gari lisilo na buti lililojitenga, sakafuni chini ya kiti ndipo penye unafuu. Funga kifaa kwa taulo au kitenge cha rangi nyepesi. Ukiwa na lile boksi la plastiki la kubebea vinywaji baridi, ni zuri zaidi kwa kuwa kuta zake huchelewesha joto kuingia, lakini liwe kavu, bila barafu. Unyevu wa barafu utaingia kwenye matundu ya simu. Panga mambo haya kabla ya kufika unakoegesha. Anayefungua buti na kuingiza laptopu mbele ya watu ametangaza kilichomo.

Kivuli kitazame kwa saa utakayorudi, siyo saa unayoegesha. Mwarobaini unaolifunika gari vizuri saa tatu asubuhi unaweza kuwa umeliacha wazi saa sita. Pazia la kung'aa la kuweka nyuma ya kioo cha mbele husaidia hasa kwa dashibodi. Tinti hupunguza mwanga, ila gari jeusi lenye tinti bado hupata moto. Usilihesabu kama kivuli.

Yote haya hununua muda. Kwa nusu saa hadi saa moja yanasaidia sana. Kwa siku nzima ya kazi buti nalo litapanda, taulo litapata moto, na kitakachobaki na maana ni kwamba kifaa kilikuwa kimezimwa na chaji yake ilikuwa ndogo.

Ukirudi ukute kifaa kina moto

Usikiwashe, na usikichomeke kwenye chaja. Vua kava, kiweke kivulini penye upepo, au ndani ya gari kiyoyozi kikishaanza kupoza, lakini kisielekezwe kwenye baridi kali ghafla. Friji na friza hazihusiki hapa kabisa: kwenye hewa ya pwani yenye unyevu, kifaa kilichopozwa ghafla hutengeneza matone ya maji ndani yake, na maji hayo yanaweza kukiua kifaa ambacho joto lilikuwa limekiacha hai. Subiri hadi ukikishika hukisikii moto, ndipo ukiwashe.

Kisha kikague. Kiweke juu ya meza iliyonyooka uone kama kinacheza. Tazama kama mgongo wa simu umeinuka au kioo kimeachana na fremu pembeni. Kwenye laptopu, dalili ya mapema huwa ile sehemu ya kuelekezea kishale kuwa ngumu kubonyeza, kwa sababu mara nyingi betri iko chini yake na inaisukuma. Ukiona uvimbe, acha kutumia kifaa siku hiyohiyo. Usibonyeze uvimbe urudi, usikubali fundi autoboe kutoa hewa, usikichaji ili uhamishe picha. Kiweke juu ya saruji au vigae, mbali na godoro na mapazia, hadi utakapokifikisha kwa fundi anayeaminika.

Kikianza kutoa moshi, harufu kali ya kemikali au sauti ya kufoka ukiwa ndani ya gari, simama pembeni, toa watu wote, kaa mbali, na usiuvute moshi ule kwa kuwa una sumu. Usijaribu kukibeba mkononi. Tanzania, Zimamoto wanapatikana kwa 114. Kenya piga 999 au 112. Kama ni simu tu na moto bado ni mdogo, na unaweza kuifikia ukiwa salama, maji mengi husaidia kuipoza; la sivyo, gari liache liungue.

Betri iliyotolewa kwa uvimbe isitupwe kwenye taka za nyumbani, hasa kwetu ambako taka huchomwa uani. Ziba ncha zake za chuma kwa utepe wa plastiki, iweke ndani ya kopo lenye mchanga mkavu nje ya nyumba, na uulize maduka makubwa ya simu au mafundi wako kama wanapokea taka za kielektroniki. Nairobi, WEEE Centre hupokea.